Ukienda Unguja kwa feri, kila kinga ina wakati wake

LIKIZO inapokaribia, familia nyingi za mijini huanza kupanga safari ya Unguja. Wasiomudu nauli ya ndege huabiri basi hadi Dar es Salaam, kisha wakapanda feri ya kasi inayovuka kwa muda wa saa 2 hivi.

Hesabu zinazopigwa aghalabu ni za nauli, hoteli na nguo za kuogelea. Afya hukumbukwa watu wakiwa wamepanga foleni bandarini, na kufikia hapo kinga nyingine huwa zimepitwa na wakati.

Wiki kadhaa kabla

Anza na chanjo ya homa ya manjano. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania humtaka msafiri anayetoka huku aonyeshe cheti, kuanzia mtoto wa mwaka 1. Cheti hutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwani mwili huhitaji muda huo kujijengea kinga. Anayedungwa leo na kusafiri kesho hana cheti halali, wala kinga hana. Tangu Julai 2016 cheti hiki hudumu maisha yote, kwa hivyo usitupe cha zamani. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini wazungumze na daktari kabla ya kuchanjwa.

Kisha kuna malaria. Aliyekulia Nairobi, ambako ugonjwa huu ni nadra, mwili wake haujazoea kupigana nao. Hata aliyezaliwa Kisumu au Kilifi hupoteza kinga yake akiishi miaka mingi mahali pasipo na malaria. Unguja imeupunguza ugonjwa huu sana lakini haijaumaliza, na njiani utalala au kupita katika miji ya pwani yenye mbu. Mwulize daktari kuhusu tembe za kujikinga. Kuna zinazoanza kumezwa wiki 2 au 3 kabla ya safari na kuna za siku 1 au 2 kabla. Zote huendelea kumezwa baada ya kurudi, nyingine kwa siku 7 na nyingine kwa wiki 4. Wengi hukosea kwa kuziacha mara tu wafikapo nyumbani.

Saa 1 au 2 kabla

Kichefuchefu cha baharini si dalili ya udhaifu. Sikio la ndani huhisi chombo kikiyumba, ilhali macho yanayotazama kiti au simu huuambia ubongo kwamba mtu ametulia. Ubongo hukanganyikiwa, jasho jembamba likatoka, roho ikachafuka. Watoto wa miaka 2 hadi 12 na waja wazito ndio huteseka zaidi.

Anayepanga safari ya Agosti ajue kwamba huo ni msimu wa kusi na mawimbi huwa makubwa. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi.

Tembe za kuzuia kutapika humezwa saa 1 au 2 kabla ya kung'oa nanga. Ukingoja hadi uanze kutapika, huenda ukaitapika hata dawa yenyewe. Nyingi huleta usingizi, basi usinywe pombe wala kuendesha gari. Usimpe mtoto dawa ya mtu mzima. Dawa iitwayo promethazine ni hatari kwa aliye chini ya miaka 2, kwani inaweza kumzuia kupumua. Kula chakula chepesi, keti katikati ya chombo, na utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Ukiwa chomboni

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Ukiona chombo kimefurika watu, ngoja kingine. Ukishapanda, jua jaketi za kuokoa maisha ziko wapi, na uulize kama kuna za ukubwa wa watoto. Heri kuchelewa kufika.

Kisiwani

Jua kali zaidi ni la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Ngozi nyeusi huungua pia, ila wekundu hauonekani upesi. Vaa kofia, kaa kivulini na unywe maji salama mara kwa mara. Magharibi vaa nguo za mikono mirefu, na usiku ulale ndani ya chandarua.

Ukirudi nyumbani

Vimelea vya malaria hukaa mwilini angalau siku 7 kabla ya homa kuanza, kwa hivyo ugonjwa unaweza kukupata ukiwa tayari umerudi kazini. Kwa miezi 3 baada ya safari, ukipatwa na homa, kuumwa na kichwa au baridi ya kutetemeka, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza tembe zote. Usinunue dawa ya mafua ukangoja. Mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka pwani, kwa maana katika mji usio na malaria nyingi huenda asiifikirie, na ugonjwa huu huweza kuua kwa siku chache.