Kutu, Msasa na Namba ya Bunduki

Katika mikutano ya polisi jamii tunayoifanya kwenye vijiji vya mpakani, wamiliki wa bunduki zenye leseni hutuuliza swali moja mara kwa mara: bunduki ya zamani iliyochujuka weusi wake na kuanza kushika kutu, je, yafaa kutiwa weusi upya? Yafaa, maadamu silaha ina leseni, fundi ana leseni, na alama zote zinabaki zikisomeka. Masharti hayo yana sababu, na sababu zenyewe zimo ndani ya chuma.

Weusi ule unaoelekea samawati haukupakwa kwa brashi. Ni uso wa chuma chenyewe uliogeuzwa kuwa kutu nyeusi, utando mwembamba kuliko unywele, ambao hushika mafuta na kuzuia kutu nyekundu inayokula chuma. Mafundi wa kale hukiacha chuma kishike kutu kidogo kwa dawa maalumu, hukichemsha katika maji safi mpaka wekundu ugeuke weusi, hukisugua, kisha hurudia kazi hiyo siku kadhaa. Viwandani hutumika beseni la soda kali na chumvi nyingine, lenye moto wa nyuzi 140 hivi. Njia hiyo ya pili ni ya haraka, lakini haifai kwa shotigani nyingi za mitutu miwili, kwa kuwa soda hula lehemu inayoishikanisha mitutu hiyo. Bunduki hutoka beseni iking'aa, na mitutu yake ikaja kuachana baadaye.

Hatari kubwa zaidi iko katika karakana ya mhunzi. Mhunzi wetu ni hodari wa majembe na mapanga, na hatumdharau. Hata hivyo, akiiweka sehemu ya bunduki katika makaa mpaka iive wekundu, ugumu uliotiwa kiwandani hupotea. Chumba cha risasi na komeo lake huwa laini, na mlipuko ambao ungepaswa kumsukuma marisau mbele huweza kumrudia mpigaji usoni. Vivyo hivyo, mtutu uliotobolewa vishimo na kutu haupati nguvu kwa kung'arishwa. Msasa huondoa chuma, haukirudishi.

Tuje kwenye namba. Bunduki kuukuu hupigwa namba isiyo na kina kirefu, na miaka ya kushikwa kwa mikono yenye jasho huzidi kuifuta. Mwenye nayo akichukua msasa au tupa kwa nia njema ya kuondoa kutu, jioni moja tu yatosha kuimaliza. Kuanzia hapo leseni yake inataja namba ambayo bunduki haina. Askari atakayeikagua hawezi kutofautisha kati ya mzee aliyependa usafi na mwizi aliyeficha asili ya silaha, na mzee atalazimika kujieleza kituoni huku bunduki yake ikizuiliwa.

Kwa wanaofuta kwa makusudi, wajue kwamba chapa inapogongwa hubana chuma hata chini ya mchoro unaoonekana. Wataalamu wa maabara hung'arisha mahali hapo, hupaka tindikali, na mara nyingi tarakimu hujitokeza tena.

Alama hizi si mambo ya nchi moja. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi zetu pamoja na majirani zetu, inataka kila silaha itiwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini, ili iliyookotwa Karamoja au Turkana iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka. Kwa sababu hiyo, ukisikia kuna fundi mzuri ng'ambo ya pili ya mpaka, usivuke na bunduki. Kuivusha bila kibali ni kosa, hata kama unarudi nayo jioni ileile. Na ukiletewa bunduki kuukuu inayong'aa upya mahali pamoja tu, pale penye namba, usiinunue, toa taarifa.

Mara nyingi bunduki haihitaji weusi mpya hata kidogo. Kitambaa kikavu, mafuta mepesi ya mashine, na kuiondoa katika ala ya ngozi, ambayo hutunza unyevu, hutosha kuisimamisha kutu. Mahali penye namba pafutwe kwa kitambaa na mafuta peke yake.

Aliyerithi bunduki ya marehemu asianze na usafi. Amwarifu mwenyekiti wa kijiji, kisha apige simu kituoni kabla ya kuibeba, ili askari wajue anakuja nayo au waje kuichukua. Iwe haina risasi, imefungwa kwa kitambaa, pamoja na leseni ya marehemu ikiwa ipo. Kutu yake iachwe kama ilivyo.