Nyumba katika Mchezo wa Bao: Kulala au Kusafiri?
Bao, mchezo upendwao Dodoma na kwingineko nchini, ni zoezi jema la hesabu. Kila mchezaji huwa na kete 32: 22 mkononi na 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba.

Wakati wa namua, mchezaji akiisha kula, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani bila kuweza kula tena, huchagua ama kulala, yaani kukomea hapo, ama kusafiri, yaani kuzisambaza zote. Akilala, akiba hukua, lakini yaweza kuliwa yote kwa pigo moja. Akisafiri, hushambulia kwa nguvu, ila nyumba huvunjika.

Hapo shimo la mpinzani linaloikabili nyumba huwa tupu, maana lingekuwa na kete ingelazimu kuzila. Basi mpinzani hawezi kuila nyumba kwa kete ya kwanza. Kulala kwaweza kufaa.