Dole la Chini Lenye Uzito wa Sarafu

Tuseme makala imechapishwa asubuhi kwenye mtandao wa Hive. Mwandishi ameeleza namna ya kufuga nyuki, akaweka na picha za mizinga yake. Kufikia jioni watu themanini wameipa dole la juu, na chini yake panasomeka dola 12, malipo atakayopata siku saba zikitimia. Usiku akaunti moja inabonyeza dole la chini. Dola 12 zinageuka sifuri, maandishi yanafifia, na anayekuja kusoma anakuta yamefichwa mpaka ayafungue mwenyewe.

Hapo hakuna kilichoharibika. Ndivyo mfumo ulivyoundwa.

Hive ilitokana na Steem, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer. Haina ofisi moja yenye mamlaka ya kufuta maandishi ya watu. Kila kitu huingizwa kwenye daftari la pamoja, blokucheni, ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, kwa hiyo hata makala iliyoshushwa haifutiki, hufichwa tu. Kura ndizo zinazogawa malipo, na uzito wa kura hutegemea sarafu ulizozifungia humo. Mkono wa mwenye sarafu milioni moja ni mzito mara elfu moja kuliko wa mwenye elfu moja.

Dole la chini lenyewe silipingi. Malipo ya wote hutoka kwenye chungu kimoja, na mtu akiandika neno moja lisilo na maana kisha akajipigia kura nzito, anachota fungu la wenzake. Anayemshusha hurudisha fungu hilo chunguni. Zamani kazi hiyo ilikuwa na gharama: kila kura ya kushusha ilikula nguvu ileile ambayo ungeitumia kutuza kazi nzuri. Wengi wakanyamaza, na biashara ya kuuza kura ikashamiri. Agosti 2019 Steem iliwapa watumiaji akiba ya pekee ya kura za kushusha, sawa na robo ya nguvu zao, isiyowagharimu kitu. Yalikuwa mabadiliko ya lazima. Lakini fimbo iliyotolewa bure iliwafikia pia wenye sarafu nyingi mno, wala hawadaiwi sababu.

Na sababu ina kazi yake, kwa kuwa dole peke yake halimfundishi mtu kosa lake. Mwaka 2014 Justin Cheng, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Jure Leskovec walichapisha uchunguzi wa maoni ya wasomaji katika tovuti nne kubwa. Walioshushwa hawakujirekebisha. Waliandika zaidi, ubora ukapungua, nao wakazidi kuwashusha wengine.

Mwaka mmoja kabla, jarida la Science lilichapisha jaribio la Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor kuhusu maoni 101,281. Baadhi waliyapa kura moja ya juu ya kubuni, mengine kura moja ya chini. Yaliyopandishwa yaliishia na alama za juu zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Yaliyoshushwa yaliokolewa: wasomaji waliofuata waliyapigia kura za juu na kuifuta dhuluma. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika suala hili. Umma hurekebisha kosa pale ambapo mikono ina uzito wa kukaribiana. Wale themanini wa makala ya nyuki hata wangerudi wote wasingefua dafu.

Kwa nini basi kila mtu asiwe na kura moja? Mwaka 2002 John Douceur alionyesha kwamba pasipo chombo cha kati cha kuthibitisha utambulisho, mtu mmoja anaweza kujifanya watu wengi. Fedha ilichaguliwa iwe kizuizi, kwa kuwa kujifungulia akaunti nyingi ni rahisi lakini sarafu hununuliwa. Kizuizi hicho nacho kilivunjwa mapema mwaka 2020: Justin Sun aliinunua kampuni ya Steemit, na masoko ya sarafu yakapiga kura za kumuunga mkono kwa sarafu za wateja wao. Machi 20 jumuiya ikajitenga na kuanzisha Hive. Kura zenye uzito wa sarafu ilihama nazo.

Mitandao mingine imepita njia nyingine. Mastodon haina dole la chini kabisa. Lemmy inalo, lenye uzito sawa kwa wote, na msimamizi wa seva anaweza kulizima, kama ilivyofanya seva ya Beehaw. Linalonivutia zaidi ni wazo linalotumiwa na Community Notes kwenye mtandao wa X: maelezo huonyeshwa pale watu ambao kwa kawaida hawakubaliani wanapokubaliana kwamba yanafaa. Dole la chini lingepimwa hivyo, kundi la marafiki lisingeweza kumzima mtu, wala tajiri mmoja.

Hadi siku hiyo ifike, kama nawe una akaunti kwenye mitandao hii, nakuomba jambo moja: ukimshusha mtu, mwandikie palepale chini ya makala yake kwa nini umefanya hivyo.