Mkato na Vifupisho katika Sentensi za Kiingereza

Vifupisho vitatu vya asili ya Kilatini vimezoeleka sana katika maandishi ya Kiingereza: "e.g.", yaani kwa mfano, "i.e.", yaani ndiyo kusema, na "etc.", yaani na kadhalika. Wengi waviandikao hudhani kwamba nukta ya kifupisho yatosha kuwa kituo. Haitoshi. Nukta ile ni ya neno. Mkato ni wa sentensi.

Ama kuhusu mkato unaofuata "e.g." na "i.e.", Wamarekani na Waingereza hawapatani. Kitabu cha kanuni cha Chuo Kikuu cha Chicago, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1906, huuweka. Wachapaji wa Oxford kwa desturi huuacha. Mmarekani huisoma "i.e." kana kwamba imeandikwa kwa urefu, "that is", maneno ambayo msemaji hutua kidogo baada yake, Mwingereza huiona kuwa kiungo tu. Gazeti la Guardian halitii hata nukta, huandika "ie" na "eg". Hapa mwandishi na achague desturi moja aishike, maana haidhuriki.

Panapodhurika ni kwingine. Katika sentensi "Books must be returned by the end of term, i.e. 30 June, or paid for", mkato wa pili ukiondolewa, tarehe huungana na maneno yasiyo yake, na msomaji hana budi kurudi nyuma. Ufafanuzi uliofunguliwa kwa mkato katikati ya sentensi sharti ufungwe kwa mkato, kama mabano yafungwavyo. Ndivyo ilivyo kwa "Jr." pia. "Martin Luther King, Jr., was born in Atlanta" ni sahihi; "Martin Luther King Jr. was born in Atlanta" ni sahihi vilevile, na ndiyo njia ipendwayo zaidi siku hizi. Kosa ni kutia mkato wa kwanza na kuusahau wa pili, kwani hapo kiima hutengwa na kitenzi chake. Na kosa hilo huonekana hata katika vitabu vilivyohaririwa vizuri.

"Etc." ikimaliza orodha hutanguliwa na mkato. Ikimaliza sentensi, nukta yake hutosha, haiandikwi mara mbili. Lakini alama ya kuuliza huongezwa baada yake. Tena haifai kufuata orodha iliyoanzwa kwa "e.g.", kwa kuwa atoaye mifano amekwisha kusema kwamba hakutaja yote.

Mfasiri wa Kiswahili naye aangalie. "K.v." ni "kama vile", na hakuna asemaye "kama vile" akatua kabla ya kukitaja kitu chenyewe, mkato wa Chicago ukihamishiwa hapo huikata sentensi mahali ambapo sauti haikatiki. "K.m." ina nafasi zaidi, maana "kwa mfano" huweza kufuatwa na kituo, hasa ianzapo sentensi.