Ridhaa ya Mtoto Asiyeonekana: Maadili ya Kukusanya Data Mtandaoni

Mtafiti wa Sheng aliyeketi na vijana kituoni, daftari mkononi, hakuwa na pa kujificha. Vijana walimwona, wakamhoji, na aliyechoshwa naye aliondoka. Mtandaoni mambo ni kinyume. Mtafiti aweza kujiunga na kikundi cha wanafunzi wa shule ya upili, akanakili mazungumzo ya miezi mitatu na kutoweka pasipo yeyote kujua kwamba ametafitiwa.

Wapo wanaodai kwamba kilichoandikwa hadharani ni mali ya umma kama gazeti. Hoja hii ina upungufu, kwani mtoto wa miaka 14 huwaandikia wenzake, si jopo la watahini. Isitoshe, kuondoa majina hakutoshi. Mnamo 2008, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa data ya Facebook kuhusu wanafunzi wa chuo ambacho hawakukitaja. Wanafunzi hao hawakuwa wameombwa ridhaa. Msomi Michael Zimmer alibaini kuwa chuo chenyewe kilikuwa Harvard kwa kusoma maelezo yaliyoandamana na data, bila hata kuifungua.

Kwa mwanaisimu hatari huzidi, maana data yake ni maneno yenyewe, tena kwa tahajia yake. Sentensi ya Sheng iliyonukuliwa katika kiambatisho cha tasnifu ikitafutwa kwenye intaneti yaweza kumfikisha msomaji moja kwa moja kwa msichana aliyeiandika, hata akiitwa "Mtafitiwa wa 7". Kuibadilisha tahajia humlinda, lakini huiharibu data.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na maslahi ya mtoto yazingatiwe. Hapa pana utata ambao kibali cha utafiti pekee hakiutatui: mtoto anayewasimulia wenzake jinsi anavyopigwa nyumbani ataombewa ridhaa kwa nani? Kumwendea mzazi ni kumfichua mtoto. Katika hali kama hiyo, data hiyo ni heri iachwe.

Penye mada isiyo nyeti, mtafiti aweza kujitambulisha, kupata ridhaa ya wazazi, kisha kuwaomba wanafunzi wamletee jumbe walizoziandika wenyewe, wakiwa huru kufuta mstari wowote. Data itapungua, na huenda iliyofutwa ndiyo iliyokuwa tamu zaidi.