Macho Mekundu na Sura za Kuchorwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwona mchoraji wa katuni akiinua nyusi na kupinda mdomo mpaka mchoro ukapata uhai. Leo tujitazame sisi watazamaji: sura ile tunaihukumu vipi?

Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde humtosha mtu kuamua kama mwenye uso asioujua ni wa kuaminika. Mwaka 2008 Todorov na Nikolaas Oosterhof wakatumia nyuso zilizobuniwa na kompyuta. Uso uliotulia, usiocheka wala kukasirika, ukiwa na umbile linalokaribia tabasamu, watu waliuamini. Ukikaribia ndita, waliutilia shaka. Umbile tu, nalo likasomwa kuwa tabia!

Kisha Robert Provine na wenzake, mwaka 2011, walichukua picha za macho wakaongeza wekundu kwa kompyuta. Macho yaleyale yakaonekana ya mtu mwenye huzuni zaidi, mgonjwa zaidi, asiyevutia.

Msomaji wa Shinyanga, Kahama au Geita ameshajua ninakoelekea. Huku Usukumani bibi mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, na vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo. Wekundu wenyewe ni wa moshi: miaka na miaka ya kuinama kwenye mafiga, akipuliza kuni mbichi au mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Mavi yalichomwa kwa kukosa kuni, maana miti ilikuwa imekwisha mno Shinyanga hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kuirudisha. Mwanauchumi Edward Miguel, aliyechunguza Meatu ilipokuwa bado mkoani Shinyanga, aliandika mwaka 2005 kwamba miaka ya ukame au mafuriko mauaji hayo yalifika maradufu, na mara nyingi waliomuua bibi walikuwa jamaa zake. Chakula kimeisha ghalani, na macho yake yako palepale, kila mtu anayaona.

Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wanaotengeneza katuni na michezo ya simu. Mchawi wa kwenye kioo hupewa macho mekundu bila kufikiri, na mtoto wa Nyang'hwale anayetazama ana bibi jikoni. Mchoreni bibi huyo na macho yake mekundu hivyohivyo, akicheka na wajukuu, na moshi wa mafiga uonekane ukimpanda usoni.