Dawa ya magugu ikimezwa: Kwa nini usimtapishe mgonjwa?

Msimu wa palizi unapofika, dawa za kuua magugu huingia majumbani, na mara nyingi hazibaki katika vyombo vyake. Hupimwa na kumiminwa kwenye chupa za soda au maji, kisha huwekwa jikoni au chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu, au mkulima aliyerudi usiku amechoka, hunywa akidhani ni kinywaji.

Huunguza kila inapopita

Parakwati ni miongoni mwa dawa za magugu zilizo hatari zaidi. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu mwaka 2007. Hata funda moja linaweza kuunguza midomo, ulimi, koo na umio, yaani njia inayopeleka chakula tumboni. Vidonda vinaweza kuchelewa kuonekana, kisha mgonjwa akashindwa kumeza hata mate. Vikiingia ndani sana, umio unaweza kutoboka, au ukapona na kovu linaloubana.

Wakati huohuo sumu huingia kwenye damu na kushambulia figo, ini na mapafu. Ndiyo maana mtu anayeonekana mzima leo anaweza kushindwa kupumua siku chache baadaye. Hakuna dawa inayoweza kuiondolea nguvu sumu hii.

Dawa za glifosati nazo huweza kuunguza tumbo, hasa kutokana na kemikali za mfano wa sabuni zinazochanganywa ili dawa ipenye kwenye majani.

Fanya nini?

Usimtie kidole kooni wala kumnywesha maji ya chumvi. Sumu inayorudi juu huunguza umio mara ya pili, na inaweza kuingia mapafuni. Maziwa nayo hayaui sumu hii. Kuyatafuta ni kupoteza muda.

Mwache asukutue mdomo kwa maji na kuyatema. Mvue nguo zenye dawa, umwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitali hata kama hana maumivu. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu. Chukua chupa au lebo ya dawa. Mkaa maalumu wa hospitali unaonasa sumu tumboni husaidia zaidi ukitolewa mapema.

Kama alikunywa kwa makusudi, mwambie daktari ukweli, na usimlaumu mgonjwa. Anahitaji matibabu ya mwili na mtu wa kumsikiliza.

Nyumbani, iache dawa katika chombo chake chenye lebo, na uifungie kwa kufuli.